Kisa: klachi ya mafuta iliyotolewa upepo mara nne

Kabla sijaanza

Nimeondoa jina la mwenye pikipiki, kazi anayofanya, modeli ya pikipiki yenyewe na gereji aliyopitia kabla hajafika kwetu. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, pamoja na sehemu tulizoboronga, maana hizo ndo zenye faida kwa fundi mwingine, kazi iliyonyooka toka mwanzo haina cha kusimulia.

Mazingira

Gereji yetu iko upande wa Nyakato hapa Mwanza, bati moja na mwembe, jirani kuna mtu wa kuchomelea mageti anayepiga kelele kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni (kumbukeni hizo kelele, zitakuja kuwa na kazi yake huko mbele). Kazi zetu ni bodaboda, Boxer, TVS, Haojue, basi, na hizo zote klachi yake ni waya, ikilegea unakaza, ikikatika unaweka mpya, dereva hata chai hajamaliza. Klachi ya mafuta tunaiona mara mojamoja, inakuja na zile pikipiki kubwa za mtumba kutoka Japani, au watalii wanaozunguka ziwa, au watu wa miradi.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua: kwenye usukani upande wa kushoto kuna kikopo kidogo cha mafuta na chini yake masta silinda. Ukibana mkono wa klachi, pistoni ya masta inasukuma mafuta kwenye mpaipu mpaka silinda ya chini, ambayo kwenye hii pikipiki ilikuwa imefungwa juu ya kava la spoketi ya mbele. Ile silinda ya chini inasukuma kifimbo kirefu cha chuma kinachopita katikati ya shafti ya gia mpaka upande wa pili wa injini, kinaachanisha pleti, zile sahani zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Mwendo wa kule chini ni mdogo mno, milimita chache tu, kwa hiyo ukiwa na upepo kidogo ndani ya mpaipu, wewe juu unabana mkono mpaka unagusa gripu na kule chini kifimbo kimesogea nusu ya kinachotakiwa. Mafuta hayashindiliki, upepo unashindilika, habari nzima ndo hiyo.

Mteja ni kaka mmoja wa makamo, mtu wa kuzunguka sana, leo Sengerema kesho Magu keshokutwa Geita. Pikipiki yake ni silinda mbili cc 1000, ya mtumba, ipo kwenye hali nzuri kwa kuiangalia.

Jumatatu: tulivyoipokea

Alikuja asubuhi analalamika mambo matatu. Akiweka gia namba moja pikipiki inataka kuondoka hata kama kabana klachi mpaka mwisho. Akisimama kwenye foleni nyutro haipatikani, anaitafuta mpaka anazima injini. Na mkono umekuwa laini kama wa mtoto, ila akiubana haraka haraka mara tatu nne unapata nguvu kidogo, gia inaingia.

Fundi yeyote akisikia hiyo ya tatu anajua, upepo. Mkono unaopata nguvu kwa kupampu ni upepo, usibishane naye.

Nikaangalia kile kioo kidogo cha kwenye kikopo, mafuta yako chini ya alama ya LOWER na rangi yake ni chai ya rangi iliyochemka sana. Mafuta mapya ya DOT 4 (ni mafuta ya breki, klachi hii inatumia hayohayo) yanakuwa meupe au yana unjano kidogo, yakifika rangi ile yameshakunywa maji na uchafu kwa muda mrefu. Nikamuuliza mara ya mwisho kubadilisha ni lini, akasema kuna gereji huko nyuma walimtoa upepo kama miezi miwili iliyopita, ikakaa vizuri siku chache. Halafu akaongeza, na nakumbuka kabisa alivyosema huku anatafuta simu mfukoni, "toka hapo fundi mi huwa naongezaga kidogo kila baada ya wiki mbili."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaendelea na kazi.

Jaribio la kwanza, na kwanini tulianzia hapo

Uamuzi wa kutoa upepo na kubadilisha mafuta yote haukuwa mbaya, mafuta machafu, dalili za upepo, utaanzia wapi kwingine. Nikamtuma dogo dukani alete chupa mpya ya DOT 4 yenye sili yake. Pale gereji tulikuwa na nusu chupa imekaa tangu sijui lini, kifuniko chake kimepotea kikawekwa kitambaa, hiyo nikaikataa. Haya mafuta yanavuta unyevu kutoka kwenye hewa, na sisi tunaishi mdomoni mwa ziwa. DOT 4 ikiwa kavu inatakiwa ichemke kuanzia digrii 230, ikishakunywa maji kiwango kinachohesabika wanashusha mpaka 155, na zaidi ya kuchemka, yale maji yanakula chuma na kuacha tope ndani ya masta.

Na soma kifuniko kabla hujamimina. Chetu kiliandikwa DOT 4, lakini kuna pikipiki, mfano baadhi ya KTM zenye masta ya Magura, klachi inatumia mafuta ya madini, ukiweka DOT 4 mule sili zinaharibika, na ukiweka ya madini kwenye mfumo wa DOT 4 ni hivyohivyo, mpira unavimba. DOT 5 nayo ni silikoni, haichanganyiki na DOT 4, ila 5.1 inachanganyika, majina yamewekwa kama ya kutegeana mitego.

Skrubu mbili za kifuniko zilikuwa zimeshaliwa na fundi aliyepita. Skrubu za pikipiki za Kijapani zina nyota inayofanana na ile ya kawaida lakini siyo yenyewe, ukitumia bisibisi yoyote inapanda na kuila. Nikaweka bisibisi, nikagonga kichwa chake na nyundo mara mbili taratibu, ndo zikakubali. Tangi tulilifunika na kitambaa kilicholowa maji, maana DOT 4 inakula rangi, na likidondoka tone dawa yake ni maji mengi, kulipangusa na kitambaa kikavu ni kulipaka vizuri zaidi.

Utaratibu wetu ulikuwa ule wa watu wawili. Dogo juu anabana mkono na kuushikilia, mi chini na spana namba 8 nafungua "nipo", kile kichuchu cha kutolea upepo kwenye silinda ya chini, robo mzunguko, mafuta yanatoka kwenye mpira mwembamba uliozama kwenye kopo lenye mafuta, nafunga, halafu ndo anaachia. Nipo lazima ifungwe kabla mkono haujaachiwa, vinginevyo mfumo unanyonya upepo kwa chini na umefanya kazi ya kurudi nyuma.

Sasa hapa ndo yule jirani wa mageti anaingia. Mi nasema "nimefungua", dogo katikati ya makelele anasikia "nimefunga", anaachia. Yaani lugha yetu hii tamu, kufunga na kufungua vinatofautiana silabi moja tu ya mwisho, na wewe uko chini ya pikipiki uso umeangalia spoketi. Tulipoteza kama nusu saa tunatoa mapovu tunayoyaingiza wenyewe. Tukakubaliana maneno mawili tu, "shika" na "achia", mengine marufuku. Kuanzia hapo mapovu yakapungua, mafuta yakatoka meupe, kikopo tukakilinda kisishuke chini ya LOWER, mkono ukawa mgumu. Gia zinaingia, nyutro ipo. Akalipa, akaenda zake Sengerema kwa kupitia daraja la Kigongo–Busisi, enzi za kusubiri feri zimepita.

Alhamisi: amerudi

Jumatano usiku alipiga simu. Mkono umelala tena. Kesho yake jioni akafika gereji, kaendesha kutoka Sengerema anabadilisha gia bila klachi, anapunguza mafuta kidogo na kuipandisha, anajua kuendesha huyo kaka, ila kuanzia Buhongwa kuja Nyegezi mpaka Mkuyuni kwenye foleni ya daladala alizimikiwa mara sijui ngapi na jasho lilimtoka.

Mimi moja kwa moja nikajilaumu, nikasema ni ule upepo tulioingiza wakati wa kelele, hatukuumaliza. Hii ilikuwa hukumu ya haraka na haikuwa sahihi, ila ilikuwa na mantiki. Nikamwambia hii ya leo hailipiwi.

Safari hii nikaamua kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Upepo kawaida yake unapanda, na ule utaratibu wa juu kwenda chini unaulazimisha ushuke, kwenye mpaipu mrefu wenye kona ni mapambano. Nikanunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, la mililita 50, nikalivika kipande cha mpira wa dripu, nikajaza DOT 4, nikatoa upepo wote kwenye bomba lenyewe kwanza, nikachomeka kwenye nipo, nikafungua na kusukuma polepole. Dogo akawa juu na bomba lingine dogo anafyonza kikopo kisifurike. Mapovu yakaanza kutoka kwenye lile tundu la chini ya kikopo, makubwa kwanza, halafu madogomadogo. Dogo anahesabu kwa sauti, alifika arobaini na kitu akachoka.

Mkono ukawa mgumu kuliko Jumatatu. Nikasema hapana, leo siachii kirahisi, nikachukua mpira wa kufungia mizigo nikaufunga mkono wa klachi kwenye gripu ukiwa umebanwa, ukalala hivyo mpaka asubuhi. Hii ni mbinu ya mafundi wengi, unaacha usiku kucha na presha, vipovu vilivyobaki vinakutana, asubuhi ukifungua vinapanda. Mimi naiamini nusunusu, ila haigharimu kitu.

Ijumaa asubuhi: tone moja

Nilifika saa moja na nusu jirani hajaanza kuchomelea. Nikafungua ule mpira, nikaubana mkono. Laini. Si kama mwanzo, ila umerudi nyuma ukilinganisha na jana nilivyouacha.

Nikachuchumaa upande wa kushoto. Chini ya kava la spoketi, kwenye kona yake ya chini kabisa, kulikuwa na tone linaning'inia, na kwenye sementi chini yake kuna doa ukubwa wa kifuniko cha soda. Sehemu ile kila pikipiki ina ulowevu, ni oili ya cheni inarushwa na kugandana na vumbi, jicho limeshazoea kuiruka. Hata Jumatatu ilikuwa imelowa, nilipangusa nipate kuiona nipo, nikaendelea.

Safari hii nikachovya kidole. Oili ya cheni ni nzito na nyeusi, hii ilikuwa nyepesi, inateleza halafu baada ya muda inanatanata. Nikachukua kifuniko cha chupa ya maji, nikakinga lile tone na maji kidogo, nikatikisa. Oili ingeelea juu na kutengeneza rangirangi. Hii ilipotea ndani ya maji kama sukari. Nikaikwaruza rangi ya kava pale kwenye kona kwa ukucha, ikabanduka yenyewe kama ganda la kitunguu.

Nikakaa kwenye kigoda. Ndo yale maneno ya Jumatatu yakarudi, huwa naongezaga kidogo kila baada ya wiki mbili.

Sikilizeni hii maana ndo kiini cha kisa. Kwenye breki, mafuta yanashuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyoisha, pistoni inatoka nje zaidi, mafuta yanaifuata, ni kawaida. Sisi wote tumezoea hiyo. Kwenye klachi ya aina hii ni kinyume. Pleti zikiisha zinakuwa nyembamba, springi zinalisogeza bamba la kukandamiza kwa ndani, bamba linarudisha kifimbo, kifimbo kinairudisha pistoni ya chini ndani ya silinda yake, mafuta yanarudi juu. Yaani klachi inavyochakaa kikopo *kinapanda*. Mafuta ya klachi hayana njia ya kupungua kwa kutumika. Yakipungua yamevuja, na kama yamepata pa kutokea, upepo nao umepata pa kuingilia. Huyu kaka aliniambia ugonjwa wake siku ya kwanza kabla hata sijashika spana.

Tulichokikuta ndani

Kabla ya kufungua tuliosha eneo lote kwa brashi na maji ya sabuni, kulikuwa na tope la oili na mchanga lililoshindiliwa nyuma ya ile silinda kama udongo wa kichuguu. Bolti tatu, silinda ikatoka. Hapo usimruhusu mtu aguse mkono wa klachi, pistoni haina tena kinachoizuia. Sisi tulipokuwa tayari ndo tukautumia mkono huohuo kuisukuma pistoni itoke, kitambaa kimewekwa mbele yake.

Silinda yenyewe ndani ilikuwa nzima, ina madoa ya kahawia lakini ukipitisha kucha haikwami popote, nikashukuru, maana ingekuwa na vishimo tungetafuta silinda nzima. Tatizo lilikuwa kwenye sili ya pistoni. Mdomo wake umekatwa sehemu moja, mkato mfupi, na ndani ya ule mkato kuna punje ya mchanga imekaa kabisa, nimeitoa kwa ncha ya pini. Sili ndogo ya kuzuia vumbi kwa nje ilikuwa imekauka na kupasuka, mchanga uliingilia hapo, pistoni ikawa inauburuza mbele na nyuma kila akibana klachi.

Na hapa ndo unaelewa kwanini ilikuwa inakaa siku mbili tatu halafu inalala. Sili za namna hii mdomo wake unapanuka na kubana zaidi presha ikija, kwa hiyo akibana mkono inavuja kidogo tu, karibu usione. Akiachia, mdomo unalegea, na pale kwenye mkato unaingia upepo kidogo. Kidogo mara elfu moja barabara ya Sengerema.

Uamuzi kuhusu spea

Mteja alitaka pikipiki Jumamosi, ana safari ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Nilikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza kuigeuza sili ile ile, kupaka grisi na kuirudisha, tuite kwa jina lake, utapeli. Ya pili kutafuta sili ya gari inayokaribiana. Ya tatu kuagiza Dar "kiti", yaani seti ya spea yenye sili na springi yake, ije na basi.

Ya pili niliifuatilia kweli, nikaenda madukani mjini na venia (kile kipimo cha milimita) mfukoni na pistoni kwenye karatasi. Nilipata sili ya silinda ya klachi ya gari, kwa macho ni pacha wake, kwa venia imezidi karibu nusu milimita. Muuzaji akasema itajibana tu mzee, ikishaingia inakaa. Inawezekana ingekaa. Ila sili iliyozidi inabana pistoni, pistoni isiporudi yote klachi inabaki imeachia kidogo, pleti zinateleza na kuungua, na hapo ningekuwa nimemtengenezea kazi ya pleti ili kuokoa siku tatu. Pia huyu ni mtu anayepanda milima na kupita maporini peke yake. Nikamwambia ukweli, kaka panda feri bila pikipiki, kule utachukua bodaboda, ukirudi itakuwa tayari. Hakufurahi. Alikubali baada ya kuiona ile punje ya mchanga.

Kiti ilifika Jumatatu. Dogo wangu kwa mazoea ya gereji akaichukua sili mpya anaipeleka kwenye kopo la petroli akaisafishe, nikamdaka mkono hewani. Mpira wa mfumo wa DOT 4 ukikutana na petroli au oili ya injini unavimba. Kila kitu cha ndani unakiosha na mafuta ya breki yaleyale, na sili unaipaka mafuta hayohayo wakati wa kuipachika, midomo ikiangalia upande wa presha.

Jumanne: kujaza mfumo mkavu

Hii sehemu niliidharau na ikatushika karibu saa nzima. Mfumo ukishafunguliwa wote hauna mafuta, ukibana mkono ni hewa tupu inayoenda na kurudi, masta hainyonyi kitu. Tulianza tena na bomba la sindano kutoka chini, kikopo kikajaa, mapovu yakaisha, tukabana mkono, umepata nguvu lakini nusu.

Upepo uliobaki ulikuwa juu kabisa, pale mpaipu unapoungana na masta, kwenye ile bolti yenye tundu katikati. Sehemu ile ndo kilele cha njia nzima, povu likifika hapo linakaa kama mgeni aliyepewa kiti kizuri, kutoka chini huliwezi na kutoka juu huliwezi. Tulifanya hivi: pikipiki kwenye stendi kubwa, usukani umegeuzwa mpaka kikopo kimekaa sawa, kitambaa chenye maji kimezungushiwa masta, dogo anabana mkono taratibu, mi nailegeza ile bolti kidogo sana, ikatoa sauti kama mtu anayesonya, vikatoka vipovu na mafuta, nikabana kabla hajaachia. Mara tatu. Ile bolti ina washa mbili laini, hizo ni za kutumika mara moja, tulikuwa na mpya.

Halafu ya mwisho, ambayo naipenda kuliko zote. Kifuniko kiko wazi, unausogeza mkono milimita mbili tatu tu, unaachia, unausogeza tena, huku unagongagonga mpaipu na mpini wa bisibisi kuanzia chini kuja juu. Lile tundu dogo la kurudishia mafuta linaanza kutoa vipovu vidogo kama ncha ya sindano, kimoja, kimya, viwili, kimya. Dogo alikuwa ameinama uso karibu uguse kikopo, nikamwambia asogee nyuma maana ukibana kwa nguvu hapo inaruka moja kwa moja kwenye macho. Vilipokata, mkono ukasimama kama wa pikipiki mpya.

Kikopo tulijaza mpaka kati ya alama mbili, sio mpaka juu. Mafuta yakipata moto yanatanuka na yanahitaji nafasi ya kurudi, na tumeshasema kikopo chenyewe kitapanda pleti zikiisha.

Matokeo

Tuliijaribu ikiwa baridi kwanza, injini imezimwa, stendi kubwa, gia namba moja, mkono umebanwa, tairi la nyuma linazunguka kwa mkono bila kugoma sana. Halafu nikaipeleka mwenyewe mpaka Usagara na kurudi saa ya foleni, makusudi iwe ya moto. Nyutro inapatikana kwa kidole gumba cha mguu. Chini ya kava la spoketi niliweka karatasi nyeupe usiku, asubuhi kavu.

Kwenye kioo cha kikopo nikachora mstari mwembamba pale mafuta yalipoishia. Mteja nikamwambia asiongeze hata tone, akiona yameshuka chini ya mstari anipigie. Wiki tatu baadaye alipita, mstari na mafuta vilikuwa palepale.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi: mafuta mapya kutoka chupa iliyofungwa, maneno mawili badala ya nimefunga na nimefungua, bomba la sindano kutoka chini. Kutoka chini ndo bora kwa klachi kama hii, siku hizi naanza nayo moja kwa moja. Na kukataa ile sili ya gari, hilo sijutii hata kidogo.

Ule mpira wa usiku nao ulifanya kazi, ila si ile niliyoupa. Niliufunga uondoe upepo, wenyewe ukashika presha saa kumi na mbili mfululizo na kunionyesha panapovuja. Sasa naufunga kila klachi ya mafuta inayokuja ikiwa na historia ya kuongezwa, kabla sijagusa nipo, na karatasi nyeupe chini.

Kilichofeli ni kimoja tu ila kikubwa. Nilimsikia mteja na sikumsikiliza. Nilikuwa na dalili mbili siku ya kwanza, mafuta yanapungua na kava limelowa, nikazipita zote kwa kuwa akili ilikuwa imeshaamua ni upepo. Na upepo ulikuwepo kweli, hilo ndo linalopoteza watu, unautoa, mkono unakuwa mgumu, mteja anafurahi, unaona umetibu. Yule fundi wa kwanza sina ubavu wa kumcheka, alifanya kosa langu miezi miwili kabla yangu. Ingekuwa mara ya pili tu mkono umelala ndani ya siku tatu, ilibidi chupa ya DOT 4 iwekwe chini na tochi ichukuliwe.

Gharama: mteja alilipa upepo wa Jumatatu na spea na kazi ya Jumanne, Alhamisi ikawa juu yangu. Nikipiga hesabu ningemfungulia silinda siku ya kwanza angelipa kidogo zaidi siku hiyo na asingesukuma pikipiki ya zaidi ya kilo 200 pale Mkuyuni.

Nyongeza ya mwezi huu

Imepita miezi minne. Juzi katuma picha ya kile kioo, mstari wangu bado upo, mafuta yamepanda juu yake kama milimita mbili. Nikampigia kumuuliza kama alipiga picha pikipiki ikiwa ya moto, akasema hapana, asubuhi kabla hajawasha. Tumeanza kumtafutia pleti.